Vimeng'enya vipimwe kwenye makapi halisi

Kila nikisoma kwamba kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi ya kikemia) kipya cha kuvunja selulosi kimeongezewa nguvu mara kadhaa, nayaacha matokeo kwanza na kwenda moja kwa moja kwenye maelezo ya mbinu. Nataka kujua walikipima juu ya kitu gani. Mara nyingi mno jibu ni CMC, ile selulosi iliyobadilishwa kikemia ili iyeyuke majini, ambayo pia hutiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Nikifika hapo imani yangu hupungua. Hakuna mkulima anayetupa CMC. Kinachotupwa ni mabua ya mahindi, makapi ya miwa na nyama ya majani ya mkonge, na selulosi iliyomo humo haiyeyuki.

Tofauti hiyo si ndogo. Selulosi ya mmea ni minyororo ya glukosi iliyolala sambamba na kushikana kwa nguvu mpaka ikawa fuwele. Mfanyakazi mkuu wa kuivunja ni kimeng'enya kiitwacho Cel7A, kinachotolewa na kuvu Trichoderma reesei. Umbo lake lilichapishwa mwaka 1994 na watafiti wa Uppsala, Sweden, na lilionyesha kwamba kina handaki refu katikati. Mnyororo huingia kwa ncha moja, ukasogezwa ndani na kukatwa glukosi mbili mbili bila kuachiwa. Kukata kwenyewe si kazi kubwa. Kazi ni kuung'oa mnyororo kutoka kwa wenzake, sawa na kuchomoa mwaa mmoja katikati ya ukili uliokwisha kusukwa. Kwenye CMC kazi hiyo haipo, maana minyororo tayari inaelea. Tena Cel7A karibu hakiigusi CMC kabisa. Anayechuja kwa kipimo hicho angemtupa mfanyakazi bora kuliko wote.

Naelewa kwa nini watu huichagua. Njia ya kuendeleza vimeng'enya kwa kubadilisha jeni kiholela na kuteua walio bora, iliyompa Frances Arnold Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2018, inadai kupima maelfu ya mabadiliko kwa haraka. CMC kwenye sahani ya agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu, ikitiwa rangi ya Congo red, inakuonyesha duara jeupe kabla hujachoka. Makapi ya miwa yanataka kusagwa, kuchemshwa na asidi, kuoshwa, na kusubiriwa siku kadhaa. Lakini mbinu hii hukupa kile hasa ulichokichuja, basi. Watafiti Zhang, Himmel na Mielenz walilieleza jambo hili bayana katika tathmini yao ya mwaka 2006: ubora unaoonekana kwenye selulosi iliyoyeyuka hautabiri ubora kwenye selulosi ngumu. Nasikitika kwamba miaka yote hii bado inabidi lisemwe.

Na fani hii haikuanzia kwenye CMC. Ilianzia kwenye nguo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mahema na sare za pamba za jeshi la Marekani zilikuwa zikioza katika visiwa vya Pasifiki. Kuvu waliokusanywa huko walichunguzwa na Elwyn Reese na wenzake, na aina moja kutoka visiwa vya Solomon, QM6a, ndiyo mzazi wa kuvu Trichoderma reesei wanaotumika viwandani leo kutoa vimeng'enya hivi. Aliyewaongoza watu wale alikuwa pamba halisi inayooza.

Sehemu inayonivutia zaidi ni ile ya kushika na kuachia. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kimeng'enya kinachoshika selulosi kwa nguvu zaidi ndicho bora. Mwaka 2011 Igarashi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokyo walivipiga picha kwa darubini ya kasi, wakaviona vikitembea juu ya fuwele na kupanga foleni: kimoja kikikwama, vya nyuma navyo husimama. Kisha mwaka 2014 kundi la Denmark likaondoa triptofani iliyoko katikati ya handaki la Cel7A, asidi amino moja tu. Mshiko ukalegea. Selulosi ilipokuwa chache, kimeng'enya hicho kikashindwa na cha asili. Ilipokuwa nyingi, kikakishinda, kwa sababu kiliachia mapema na kwenda kuanza upya kwingine. Kimeng'enya kilekile, hukumu mbili, kutegemea kiasi cha yabisi, yaani kitu kigumu kisichoyeyuka, kilichomo chomboni! Pipa la kiwandani hujazwa yabisi nyingi kadiri inavyowezekana, ilhali vipimo vingi vya maabara hufanywa kwenye maji yenye yabisi kidogo mno.

Kazi njema ipo. Mwaka 2018 watafiti wa NREL, maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani iliyoko Colorado, walichukua vipande vidogo vya Cel7A ya Penicillium funiculosum, wakavipandikiza kwenye ile ya Trichoderma, na utendaji ukapanda karibu mara mbili. Walipima kwenye mabua ya mahindi. Vilevile mwaka 2010 kundi la Norway lililofichua vimeng'enya vinavyoupasua uso wa fuwele kwa kutumia shaba lilikuwa likifanya kazi na kitini ngumu, ile ya magamba ya kaa na wadudu. Wangeshikilia kitini iliyoyeyuka wasingeona kitu.

Wapo watakaosema kimeng'enya si tatizo tena. Kiwanda cha DuPont cha kugeuza mabua ya mahindi kuwa ethanoli huko Nevada, Iowa, kilifunguliwa mwaka 2015 na miaka miwili baadaye kampuni ikatangaza kukiuza. Kile cha Abengoa huko Kansas nacho hakikudumu. Ni kweli, mchanga na marobota ya mabua yaliwatesa watu wengi katika sekta hiyo. Ila hoja hiyo inaniunga mkono: uhalisia wa makapi ndio uliokuwa mtihani.

Kwetu Afrika Mashariki mtihani huo uko mlangoni. Kwenye jani la mkonge, nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito. Kilichobaki hutupwa, ingawa Hale, mkoani Tanga, yalijengwa mitambo ya kukigeuza kuwa gesi. Maabara zetu hazina fedha za kushindana kwa wingi wa mabadiliko ya jeni, lakini zinaweza kuwa mahali ambapo kimeng'enya cha yeyote duniani kinajaribiwa kwenye mkonge wa Tanga na makapi ya miwa ya Kilombero. Na kila anayechapisha aandike wazi: makapi ya nini, yaliandaliwaje, yana lignini (kile kinachoufanya mmea kuwa mgumu kama mti) kiasi gani, yabisi asilimia ngapi, na gramu ngapi za sukari zilipatikana kwa kila gramu ya protini ya kimeng'enya baada ya saa 72.