Nahodha Kirk Asingefanya Hivyo

Shangazi yangu akiangalia tamthilia hataki maongezi. Ana kiti chake, ana kikombe chake, na mtu akipita mbele ya televisheni anaambiwa. Jioni moja aliweka kikombe sakafuni, akanyoosha kidole kwenye skrini na kusema: "Huyu si yule."

Kwenye skrini mjane mmoja alikuwa akila pweza wa nazi. Anakula kwa raha, anachovya mkate, anacheka na jirani. Miezi kadhaa nyuma mjane huyo huyo aliisukuma sahani ya pweza mbele ya wageni na kutoka nje, kwa sababu mumewe alikuwa mvuvi wa pweza na bahari ilimchukua. Shangazi hakusahau. Aliangalia mpaka mwisho, lakini kikombe hakukiokota tena.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na moyo ulinishuka, kwa sababu onyesho lile nililiandika mimi. Niliingia kwenye tamthilia ile ikiwa imeshakwenda mbali. Nilitumiwa miswada mitatu ya mwisho kwa simu, nikaambiwa mhusika ni mjane, mkarimu, mcheshi, ana watoto wawili, kazi inaanza Jumatatu. Habari ya pweza ilikuwa kichwani mwa mwandishi aliyenitangulia, naye alipoondoka aliondoka nayo. Mama aliyeigiza aliikumbuka, aliniambia baadaye. Lakini siku ile walikuwa na maonyesho kumi na moja ya kurekodi kabla jua halijazama, na hakuna aliyethubutu kusimamisha kazi kwa ajili ya sahani moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kitabu. Nazungumzia mwongozo wa waandishi, ambao Wamarekani wenyewe wameuzoea kwa jina la Biblia ya tamthilia. Huandikwa kabla kamera haijawashwa. Unaeleza hawa watu ni akina nani, wanaishi wapi, nani ndugu wa nani, nani hasemi na nani, na dunia yao inaruhusu nini na inakataza nini. Mwandishi mgeni akija anakabidhiwa, na msimu ukiisha unarekebishwa. Miongozo kadhaa ya zamani iko hadharani leo, na nimesoma ya kutosha. Upo mmoja ambao narudi kwake kila mara: ule wa Star Trek, tamthilia ya safari za anga za mbali.

Star Trek ilianza kurushwa na kituo cha televisheni cha NBC cha Marekani Septemba 1966, ikafungwa 1969 ikiwa na misimu mitatu na sehemu 79. Muasisi wake, Gene Roddenberry, alikuwa na shida ambayo mwandishi yeyote wa tamthilia ataielewa. Zama zile miswada mingi ilinunuliwa kwa waandishi wa nje. Mtu leo ameandika hadithi ya polisi, kesho ya daktari, keshokutwa anaombwa aandike juu ya chombo kinachozunguka kwenye nyota chenye watu 430 ndani yake. Atajuaje nahodha anazungumzaje na msaidizi wake? Atajuaje Bwana Spock, mwenye damu ya sayari nyingine, hukasirika vipi, au kama hukasirika kabisa?

Basi wakamwandikia mwongozo. Toleo la Aprili 1967, lililotengenezwa kwa ajili ya msimu wa pili, lina kurasa kama thelathini tu, na mwanzoni linampa mwandishi mtihani. Linamwekea onyesho: chombo kimeshambuliwa, kinga zake zinakaribia kuvunjika, kombora la mwisho linakuja, zimebaki sekunde chache za uhai. Nahodha Kirk anamkumbatia karani wake mrembo, wanangoja kifo pamoja. Kisha mwongozo unauliza: kosa liko wapi? Unatoa majibu ya kuchagua. Je, istilahi zimekosewa? Sayansi si sahihi? Au haiaminiki?

Jibu ni kwamba haiaminiki. Mwongozo unamwambia mwandishi achukue onyesho lile lile alihamishie kwenye manowari ya siku zile, kwenye maji ya Vietnam. Utaamini kwamba nahodha, mabaharia wake wakiwa wanasubiri amri, ataacha usukani amkumbatie mtu? Hutaamini. Kama hutaamini baharini, usimwandikie mtazamaji aamini angani.

Nimekaa na ukurasa huo mara nyingi. Watu hawa walikuwa na silaha za miale, na mitambo ya kumyeyusha mtu hapa ikamkusanya sayari nyingine. Wangeweza kuanza na hayo, na mtu mwingine angeanza nayo. Wao walitanguliza jambo ambalo nahodha hawezi kulifanya. Mwongozo huo huo unakataza kueleza mitambo inavyofanya kazi, kwa hoja kwamba askari wa tamthilia za polisi hasimami kufundisha ufundi wa bastola kabla hajaifyatua.

Hapo ndipo maoni yangu yalipo, na nayasema waziwazi kwa sababu nimebishana nayo na wenzangu wengi. Tunapozungumzia mwendelezo tunafikiria tarehe, majina, umri, rangi ya gari, kovu liko shavu gani. Hayo ni ya muhimu, na karani makini akiwa na daftari atayatunza. Lakini moyo wa mwongozo ni ukurasa unaosema mtu huyu hawezi kufanya nini. Ukiupoteza huo, tarehe zote zinaweza kuwa sahihi na Shangazi bado ataweka kikombe chini.

Star Trek wenyewe ni ushahidi. Katika sehemu moja ya mwanzo kabisa, iliyorekodiwa 1965 na kurushwa Septemba 1966, rafiki wa Kirk aliyegeuka adui anamwandalia kaburi, na kwenye jiwe pameandikwa James R. Kirk. Baadaye herufi hiyo ikawa T, na T ndiyo iliyobaki mpaka leo, ikisimamia Tiberius. Katika sehemu ile ile Spock anasema mmoja wa wazee wake wa zamani alioa binadamu. Mbele ya safari binadamu huyo akawa mama yake mzazi, na mwaka 1967 D. C. Fontana, mmoja wa waandishi wa tamthilia hiyo, akaandika sehemu nzima ambamo mama na baba wa Spock wanapanda chomboni. Hakuna aliyezima televisheni kwa sababu ya R. Mashabiki waliigeuza kuwa jambo la kubishania kwa upendo. Spock alibaki Spock, mtu anayeshindana na damu yake mwenyewe, na hilo halikuguswa.

Hata hesabu ya siku zao ilipangwa kwa akili hiyo. Mwandishi aliambiwa achague tarakimu nne zozote, aongeze nukta na tarakimu moja, hiyo ndiyo tarehe ya hadithi yake. Ndani ya hadithi moja siku zihesabiwe sawasawa, kutoka adhuhuri hii hadi adhuhuri inayofuata namba ipande kwa moja. Ila asijisumbue na tarehe za hadithi za wenzake. Walijua ni usahihi upi wa kuupigania na upi wa kuuacha, na kujua hivyo ni nusu ya kazi.

Lakini kitabu nacho kinaweza kukaba. Mwaka 1987 Roddenberry alirudi na Star Trek mpya, The Next Generation, na safari hii aliweka sharti zito: kufikia karne ya 24 binadamu wamekomaa, kwa hiyo maofisa wa chombo hawagombani wao kwa wao. Muulize mwandishi yeyote hadithi inatoka wapi kama watu hawagombani. Michael Piller, aliyechukua uongozi wa waandishi katika msimu wa tatu, mwaka 1989, alikuwa akiliita sharti hilo sanduku la Roddenberry. Msimu huo huo kijana mmoja, Ronald D. Moore, aliuza mswada wake wa kwanza: ofisa mwanamke anafariki kazini na kumwacha mwanawe mdogo yatima. Roddenberry akaukataa. Mtoto wa karne hiyo, alisema, anajua kifo ni sehemu ya maisha, hatalia.

Wengine wangemwekea kinyongo mzee, wengine wangeutupa mswada. Piller aliingia ndani ya sanduku. Vema, mtoto hatalii. Basi tumwonyeshe mtoto ambaye amefunzwa asilie, amekaa kimya, anajibu kwa adabu, na tumkalie karibu mpaka kimya hicho kipasuke. Sehemu hiyo niliiangalia usiku peke yangu na ilibidi niisimamishe katikati. Sidhani ingeniuma vile kama mtoto angelia tangu mwanzo kama wanavyolia watoto wa tamthilia zote.

Siisemi habari hii kutetea kila sharti. Moore mwenyewe alifanya kazi miaka mingi chini ya kitabu cha mtu mwingine, na alipoifufua Battlestar Galactica, tamthilia nyingine ya anga iliyorudi hewani mwaka 2003, aliandika mwongozo wake, akataka watu wenye kasoro, wanaogombana, wanaokosea, na ufundi wa mitambo ukae nyuma. Sharti la Roddenberry aliliacha. Swali la Roddenberry, mtu wa kweli angefanya nini, alikwenda nalo.

Na mtu asidhani mambo haya ni ya Hollywood tu. Waliokuwa wakisikiliza Radio Tanzania miaka ya tisini wanamkumbuka Mkwaju wa Twende na Wakati, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu. Mchezo ule ulianza 1993 na ulijengwa kwa njia ya Mmeksiko Miguel Sabido, mtayarishaji wa tamthilia, ambayo inadai kazi kubwa ifanywe kabla ya neno la kwanza la mazungumzo: kuandika ni maadili gani yanashindaniwa, nani anayasimamia, nani anayapinga, na nani yuko katikati anayumba. Ndiyo maana Mkwaju hakuamka siku moja akawa mtu mwema kwa sababu mwandishi alichoka. Aliendelea na njia yake hadi UKIMWI ukampata. Ile ni redio, sawa, lakini nidhamu ni ile ile, na ilikuwa kwetu, kwa Kiswahili, zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Kwa hiyo huwa naumia nikisikia mtayarishaji akisema kitabu ni anasa ya wenye pesa. Mwandishi mmoja akilipwa wiki mbili akae akiandike, gharama yake ni ndogo kuliko siku moja ya kurudia kurekodi. Na kisiwe kikubwa. Nimeona mwongozo wa kurasa mia mbili ambao hakuna aliyeufungua, umejaa nyota za kuzaliwa na chakula akipendacho kila mhusika. Mimi wangu uko kwenye kaunta buku, kila mhusika kurasa mbili. Upande wa kushoto nimeandika yaliyomtokea, upande wa kulia yale asiyoweza kufanya. Kila Ijumaa naupiga picha na kuwatumia wenzangu, kwa sababu kitabu kilicho kwenye mkoba wa mtu mmoja kina hatari ile ile ya kuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Mwezi uliopita binti mmoja aliyejiunga nasi aliniletea onyesho. Tuna mhusika fundi cherehani, mtoto wake ana homa kali, hana hela ya dawa. Binti alimwandika akienda kwa wifi yake kukopa shilingi elfu ishirini. Liliandikwa vizuri, wifi alikuwa na maneno makali ya kupendeza. Tukafungua kaunta buku. Upande wa kulia, mstari wa kwanza: Hakopi, hata kwa ndugu. Nyumba ya baba yake iliuzwa kulipia deni.

"Sasa kaka, mtoto afe?" aliniuliza, na hakuwa anatania.

Nilimwambia sijui, akae nalo. Nilikiri moyoni kwamba nilikuwa karibu kumruhusu, kwa jinsi wifi yule alivyosema vizuri. Alirudi baada ya saa mbili na kurasa mbili zenye mazungumzo yasiyofika mistari kumi. Fundi amemlaza mtoto mapajani, mguu mmoja uko kwenye pedali, simu imeegemezwa kwenye bobini za nyuzi itoe mwanga. Anamaliza gauni la mteja ambalo lilikuwa la wiki ijayo. Mtoto akikohoa mguu unasimama, akitulia mguu unaendelea. Alfajiri anabisha hodi kwa mteja, gauni mkononi na mtoto mgongoni, anaomba amaliziwe hela yake.

Tulirekodi wiki iliyopita. Itarushwa Alhamisi, na Shangazi ameshaniuliza saa ngapi.