Usukani haugeuki kinyume ukiwa rivasi

Kuna sentensi moja ambayo walimu wa udereva wanarithishana kama ugonjwa wa ukoo: "Ukirudi nyuma, usukani unakuwa kinyume." Jamani, kinyume cha nini? Gari ni lile lile, na tairi zinazokata ni zile zile za mbele. Zungusha usukani kulia, mkia wa gari unakwenda kulia. Zungusha kushoto, unakwenda kushoto. Basi.

Kinachokwenda upande mwingine ni pua. Mkia ukiingia kulia, boneti inafagia kwenda kushoto, tena inafagia eneo kubwa. Sasa mwanafunzi anayerudi nyuma huku macho yameganda kwenye kioo cha mbele anaiona boneti ikikimbilia asikotaka, anadhani amekosea, anakata usukani upande wa pili, na gari linaanza kutambaa kama nyoka. Halafu anaambiwa hana kipaji!

Geuka. Geuza kiwiliwili chote, utazame nje kupitia kioo cha nyuma. Mkono mmoja uwe juu kabisa ya usukani, pale kwenye saa 12, mwingine uegemee kiti cha abiria. Na ukishageuka, sahau kulia na kushoto, maana kulia kwako sasa ni kushoto kwa gari, na hapo ndipo kichwa kinapochanganyikiwa. Fikiria vitu: ukuta, mti, ukingo. Unataka mkia usogee upande wa ukuta? Mkono ulio juu ya usukani uuelekeze ukutani. Hakuna hesabu nyingine.

Haya, nikubali kwa shingo upande: ukifunga tela, ushauri wa kinyume ni wa kweli. Usukani kulia, tela linaanza kwenda kushoto. Lakini anayeanza wiki ya kwanza amefungiwa tela na nani?

Jambo ambalo karibu hakuna anayelisema ni kwamba usukani ukiwa rivasi haurudi wenyewe kama ulivyozoea. Tairi za mbele zimefungwa kwa mlalo unaozifanya zijinyooshe gari linapokwenda mbele. Kwenda nyuma, mlalo huo huo unafanya kazi dhidi yako, na ukikimbia, usukani unataka kwenda wenyewe hadi mwisho. Kwa hiyo usiuachie uteleze mikononi. Unyooshe mwenyewe, na uanze kuunyoosha kabla gari halijanyooka. Ukingoja mpaka linyooke, umechelewa, litapitiliza. Kwenye mstari ulionyooka marekebisho yawe madogo, upana wa vidole viwili vitatu, kisha subiri uone mkia unajibu nini. Wengi hawasubiri, wanaongeza, halafu wanaongeza tena.

Ndiyo maana mwendo uwe wa mtu anayetembea polepole. Kwa gia za mkono, achia klachi mpaka gari lianze kuvuta, ishikilie hapo hapo, na kwenye tambarare mguu wa mafuta upumzike. Kwa otomatiki, legeza breki tu. Likizidi, kanyaga klachi na breki, usimame, ufikiri. Kusimama si aibu.

Kukata usukani gari likiwa limesimama kunasugua tairi mahali pamoja na kuielemea mitambo ya usukani. Sehemu finyu utalazimika, sawa, ila isiwe tabia.

Kamera? Inaona kilicho chini ya bampa, mahali ambapo kioo hakifiki, hilo siipingi. Lakini lenzi yake pana inavifanya vitu vionekane mbali kuliko vilivyo, tone la tope linaipofusha, na pua haionyeshi kabisa. Zoezi la kwanza liwe mita 20 za kunyooka, uwanja mtupu, skrini imefunikwa kitambaa. Ukianza kukata kona, kila unapozungusha usukani wote, tupia jicho pembe ya mbele iliyo upande wa nje. Mikwaruzo mingi ya rivasi iko pale mbele, kwenye ubavu wa gari la jirani, wakati dereva amekodolea macho nyuma.