Muziki hauna rangi? Mwambieni Gregory Coleman

Jumamosi kwenye sherehe ya kifamilia DJ aliweka tekno, ule muziki wa dansi unaopigwa kwa mashine, nami kwa furaha yangu tu nikasema kitu hiki kilizaliwa na vijana weusi wa Detroit, Marekani. Shemeji akacheka mpaka akaweka glasi chini. "Shem, acha hizo. Tekno ni ya Wajerumani." Nilipoanza kubisha akanimaliza na ile kauli: "Na isitoshe, muziki hauna rangi."

Haya, hauna rangi. Ajabu ni kwamba kauli hiyo husikika zaidi pale panapotajwa mwenye mali. Mashairi ya rap yanapopelekwa mahakamani Marekani kuwa ushahidi dhidi ya walioyatunga, sijasikia mtu akipiga kelele kwamba muziki hauna rangi. Na jarida la Billboard, hadi mwaka 1949, lilikuwa likipanga nyimbo za weusi kwenye orodha yake ya pembeni, iliyoitwa waziwazi santuri za "rangi" yao. Sisi ndio tuliopaka?

Mwaka 1969 bendi ya The Winstons ilirekodi wimbo unaoitwa "Amen, Brother", wa kujazia tu upande wa pili wa santuri. Katikati, wenzake wote wananyamaza na Gregory Coleman, mpiga dramu mweusi, anabaki peke yake na dramu zake. Sekunde saba hivi, mizunguko minne. Miwili ya kwanza inakwenda sawa. Wa tatu, pigo la snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, linachelewa kidogo, kama mtu anayesita mlangoni. Wa nne unaanza na ukimya, halafu toazi linalia kabla ya zamu yake. Basi, imeisha.

Miaka ya themanini zilipokuja mashine za kukata vipande vya nyimbo, kila mtu akazikata sekunde hizo. Rap ikazichukua. Waingereza wakazikimbiza, ikazaliwa jungle, kisha drum and bass, mitindo ya dansi ya kasi. Zimo kwenye maelfu ya nyimbo, kwenye matangazo, kwenye katuni za watoto. Wewe unayesoma hapa umeshazisikia, ukatikisa kichwa bila kumjua aliyekutikisa.

Coleman alilipwa nini kwa hayo yote? Hakuna. Alifariki mwaka 2006 huko Atlanta, hana nyumba, hana kitu. Richard Spencer, kiongozi wa bendi na mwenye haki za wimbo, alikuja kujua mwaka 1996 kwamba dunia inachezea kazi yao. Muda wa kushtaki ulikuwa umeshampita. Mwaka 2015 DJ mmoja wa Uingereza aliona aibu, akampitishia Spencer bakuli, zikapatikana takriban pauni 24,000. Nampongeza kwa dhati. Lakini mchango! Mtu anajenga nyumba ya ghorofa kwa matofali yako, halafu unachangiwa kama mfiwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba waanzilishi wa Detroit wenyewe wanasema walikuwa wakiwasikiliza Kraftwerk, bendi ya muziki wa mashine, na hao ni Wajerumani kweli. The Winstons nao hawakuwa weusi watupu. Shemeji akisoma hapa atafurahi, na afurahi. Kusikiliza si kuzaa.

Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji mweusi wa injili, alikuwa akikung'uta gitaa la umeme kanisani na klabuni wakati wafalme wa rock wangali watoto; ukumbi wa heshima wa rock ulimkumbuka mwaka 2018, miaka 45 baada ya kufa kwake. Na ule mwaka wa 1979 sijui niuweke wapi: Juni, Rais Carter wa Marekani anaandaa sherehe Ikulu kuuenzi muziki wa weusi, Julai 12, uwanja wa besiboli wa Chicago unajaa watu waliokuja kushuhudia santuri za disko, muziki uliotoka kwa weusi pia, zikilipuliwa kwa baruti. Klabu ya Warehouse ilikuwa mji huohuo, DJ Frankie Knuckles yuko kwenye mashine, na haus, muziki mwingine wa dansi, inaiva.

Nilikuwa nimefika hapo kwenye mhadhara wangu, kidole hewani, DJ akabadilisha. Jungle. Nikaisikia snea ile ikisita mlangoni. Shemeji akawa wa kwanza kuinuka, koti kalitupa kwenye kiti changu, mikono juu. Nikafungua mdomo. Dada yangu akanikazia macho, nikaufunga.