Hita ya papo kwa papo au tangi: hesabu ianzie bafuni

Hoja ya wanaopigia debe hita ya papo kwa papo inajulikana. Tangi hupasha maji hata yasipotumika, ilhali kile kiboksi cha ukutani huwaka unapooga tu, kwa hiyo kiboksi ndicho kinachobana umeme. Hoja hiyo ina ukweli, lakini inaruka jambo moja kubwa: koili ya umeme, iwe ndani ya tangi au ndani ya kiboksi, hugeuza karibu umeme wote kuwa joto. Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 20 hadi 40 kunahitaji karibu nusu uniti, na hakuna chapa ya hita ya koili itakayoshusha kiasi hicho.

Kinachotofautiana ni joto linalopotea kabla maji hayajakufikia. Weka kiganja ubavuni mwa tangi kuukuu. Ukihisi uvuguvugu, hilo ni joto ulilolilipia linaondoka. Tangi linalopoteza uniti 1 kwa siku limekula umeme wa kuogesha watu wawili ambao hawakuoga. Bomba nalo lina sehemu yake. Mimi hukinga kwa jagi maji ya baridi yanayotangulia. Jagi likijaa kabla ya moto kufika, najua kiasi kama hicho cha maji ya moto kitabaki bombani na kupoa nikishafunga. Kwa mtu anayeishi peke yake na kuoga mara moja kwa siku, hasara hizi mbili zinatosha kumfanya achague kiboksi, na mimi ningemuunga mkono bila kusita.

Ila kiboksi nacho kina masharti. Hita ya kilowati 5.5 kwenye volti 240 huvuta karibu ampea 23, kwa hiyo inataka waya mnene wake peke yake, breka yake, na ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) iliyopimwa na fundi anayejua kazi. Hapa sipendi mzaha hata kidogo, maana umeme huo uko juu ya kichwa cha mtu aliyelowa. Tena hita hiyo ikipandisha maji nyuzi 20, hutoa lita 4 tu kwa dakika. Mahali ambapo maji huingia yakiwa na baridi kali, utachagua kati ya mchirizi wa moto na maji mengi ya vuguvugu.

Kwa familia kubwa, hesabu inageuka. Kuhifadhi, jambo lile lile ambalo tangi hulaumiwa kwalo, ndiko kunakoliwezesha kupokea joto lisilotoka kwenye koili. Pampu ya joto hufanya kazi kama friji iliyogeuzwa: huchukua joto la hewa na kulisukuma kwenye maji, na katika hali nzuri ya hewa uniti 1 ya umeme huleta joto la uniti 3 hivi. Bei yake ya kununua ni kubwa, ina mvumo, na baridi ikizidi ufanisi hushuka. Hita ya jua ni hivyo hivyo: inataka tangi, kwa sababu jua huwaka mchana na watu huoga asubuhi na jioni.

Na hapa ndipo nimeona watu wengi wakipoteza faida waliyoinunua. Wanafunga hita ya jua, kisha wanaacha koili ya akiba imewashwa saa zote. Koili inapasha alfajiri, jua linapochomoza linakuta maji tayari ni ya moto, na paneli haina cha kufanya. Koili hiyo ifungwe kwenye taima, iwake jioni tu, na siku za mawingu tu. Ila usishushe joto la tangi hadi uvuguvugu kwa nia ya kubana umeme. Bakteria wa legionela, wanaoleta ugonjwa mkali wa mapafu, hustawi kati ya nyuzi 20 na 45, ndiyo maana hushauriwa maji ya tangi yafikishwe nyuzi 60, kisha yachanganywe na baridi yanapotoka.

Kwa hiyo nyumba ya watu sita yenye paa linalopata jua, ningeiwekea tangi lililovikwa sufi nene, karibu na bafu kadiri inavyowezekana. Nyumba ile ile ikiwa haina paa la kutumia wala fedha za pampu ya joto, ningerudi kwenye kiboksi, na fedha iliyobaki ningeiweka kwenye waya.