Marehemu wa Chicago

Mashine ya pinboli, ule mchezo wa kurusha mpira wa chuma chini ya kioo penye taa na kengele, ukiing'oa miguu yake minne na kukilaza kichwa chake chenye taa juu ya tumbo, linabaki boksi refu la mbao lenye uzito wa zaidi ya kilo 100. Ukilifunika boksi hilo blanketi, ukalifunga kamba nyuma ya kirikuu, ukatoka nalo Arusha kuelekea Moshi Ijumaa mchana, hakuna mtu wa Kilimanjaro atakayehitaji maelezo. Huku tunawajua wanaorudi nyumbani wamelala.

Niliinunua Njiro kwa mgeni aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Ilitengenezwa Chicago miaka ya 1970, zile za kabla ya kompyuta: ndani ni mota, sumaku za umeme na nyaya zisizo na mwisho. Mke wangu alikuwa amenituma friji la mgeni huyohuyo. Friji lilikuwa limeshauzwa, na mimi si mtu wa kurudi mikono mitupu.

Bomang'ombe trafiki akatusimamisha. Akalitazama blanketi, akavua kofia.

"Poleni sana. Mnamtoa wapi?"

Dereva, ambaye tangu Usa River alikuwa akinihoji hilo dude linatoka wapi, alijibu bila kusita: "Chicago, afande."

"Marekani! Mmegharamika jamani. Piteni."

Ningeweza kumsahihisha. Lakini stika ya bima ya ile kirikuu nilikuwa nimeshaiona, na ilikuwa na umri wa kuanza darasa la kwanza.

Weruweru bodaboda wawili wakawasha taa, wakatutangulia mwendo wa pole mpaka Soweto, nyumbani kwangu. Tulipokuwa tunashusha, mama wa nyumba ya pili akaanzisha wimbo. Viti vya plastiki vikaanza kuingia getini na wala sikujua vimetoka kwa nani. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama mbege imeshaandaliwa.

Mimi akili yangu yote ilikuwa kwenye mashine. Nikaifunga miguu sebuleni, nikainua kichwa, nikachomeka kwenye transfoma ya kushusha umeme, maana hii imezoea volti 120 za Marekani na zetu ni 230. Nikawasha. Kimya. Nikabonyeza kila kinachobonyezeka. Kimya. Matuta ya Kikatiti yameiua, nikajua. Nikairudishia blanketi, nikakaa pembeni kwenye kigoda, nimeshika tama.

Jumuiya nzima ilinikuta hivyo, na rozari mkononi.

Nilijaribu kusema. "Jamani, hii ni mashine tu..." Mwenyekiti wa jumuiya akanishika bega: "Kweli, mwili ni mashine tu. Tusali." Jeneza la miguu minne hakuna aliyewahi kuliona, ila kwa kuwa limetoka Marekani watu walilipokea. Mweka hazina alikuwa ameshafungua daftari la rambirambi kwenye meza ya chakula.

Tukiwa fumbo la pili la uchungu, bibi jirani akafungua fundo la kanga, akatoa sarafu ya shilingi 200. Meza ya daftari ilikuwa mbali na magoti yake mabovu. Lakini chini ya upindo wa blanketi, mbele yake kabisa, kulikuwa na kimlango cha chuma chenye tundu. "Wenzetu wamejipanga," alimnong'oneza aliyekaa naye, akaitumbukiza.

Sasa, kuna mambo mawili mgeni hakuniambia. Kwanza, nyingi ya mashine hizi za zamani hulala gizani mpaka zilipwe. Pili, kile kichujio cha sarafu alishakitoa ili wanawe wachezee sarafu yoyote.

Ilianza mota: trrrrr, kwa uvivu, maana umeme wa kwao hupiga mizunguko 60 kwa sekunde na wetu 50. Halafu magurudumu ya namba yakaanza kurudi sifuri, kra-kra-kra-kra. Blanketi likawaka kwa ndani, jekundu na njano. Mwisho mpira wa chuma ukarushwa kwenye mkondo wake: DU! Kutokea ndani.

"Yesu na Maria!"

Sitataja majina. Nitasema tu kwamba mwenyekiti wa jumuiya, aliyekuwa ametoka kutuhimiza tusiogope kifo, alipita dirisha la jikoni, lile ambalo fundi bado hajalitia nondo.

Bibi peke yake hakuondoka; magoti hayo. "Mwanangu," akaniambia, "ameshapokea. Mfunue." Nikamfunua. Bibi akazitazama taa, akashika kile kifimbo cha springi, akakivuta hadi mwisho, akaachia. Kengele zikalia. Akacheka mpaka akashika ubavu, na watu wakaanza kurudi, wa kwanza wakiwa watoto, wa mwisho mwenyekiti, kwa kupitia mlangoni.

Mwenyekiti wa mtaa naye alifika, akauliza kama hili ni dubwi. Nikamweleza kuwa New York pia walidhani ni kamari. Meya La Guardia alizivunja kwa nyundo, zikapigwa marufuku tangu miaka ya 1940 mpaka 1976, mchezaji hodari Roger Sharpe alipocheza mbele ya madiwani, akataja kabla mpira utapita wapi, na ukapita hapohapo. Mwenyekiti alisikia "marufuku" tu. Ilibidi achezeshwe mpira mmoja ndipo akapoa.

Shida iliyobaki ni ya mweka hazina. Shilingi 200 zimo ndani, ufunguo wa kimlango mgeni amepanda nao ndege, na rambirambi hairudishwi. Nimemwomba afute. Anasema daftari la jumuiya halifutwi, limeandikwa kwa peni, na siku ya ukaguzi hela lazima ionekane ilikwenda wapi. Kwa hiyo ukurasa upo: tarehe, jina la bibi, sh. 200, na kwenye nafasi ya marehemu, "Mr. Chicago". Juzi kaja kuniuliza arobaini yake tunaifanyia wapi.