Blogu binafsi inahitaji vitu vichache kuliko tunavyodhani

Anayefungua blogu ya mtu binafsi amekuja kumsikiliza mtu huyo. Hakuja kutazama saa inayozunguka pembeni, wala kuombwa barua pepe kabla hajasoma hata sentensi moja. Kila ninapokuta makala nzuri imefunikwa na vidirisha vya kufunga kimoja baada ya kingine, naumia kwa niaba ya aliyeiandika.

Tovuti ya kwanza duniani, aliyoitengeneza Tim Berners-Lee huko CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, na kufunguliwa kwa umma mwaka 1991, ilikuwa maandishi na viungo basi. Nakala yake iliyohifadhiwa inasomeka hadi leo, hata kwenye simu. Baadaye wengi walipamba kurasa zao kwa Flash, programu ya kuonyesha michoro inayosogea. Adobe, kampuni iliyoimiliki, ilipoacha kuihudumia mwishoni mwa 2020, vivinjari viliiondoa, na mapambo hayo yakazimika. Maandishi matupu yalidumu kuliko mapambo.

Kuna suala la uzito pia. Makala kama hii, ikiwa herufi tupu, haifiki kilobaiti 4. Picha moja iliyopigwa kwa simu bila kupunguzwa inafika megabaiti 3 kwa urahisi, yaani uzito wa makala zaidi ya 700 za aina hii. Anayeulipia uzito huo ni msomaji, kwa muda wake na kwa data yake. Sisemi picha ziondoke. Ukieleza jengo ulilolitazama kwa macho yako, tuonyeshe jengo lenyewe. Ninayoipinga ni ile picha ya kuokota mtandaoni, mikono juu ya kibodi, iliyowekwa juu ya makala kwa sababu tu nafasi ilikuwa wazi.

Lakini blogu inaweza kuwa nyepesi na bado ikakosa mwelekeo, na hapo ndipo penye kazi ngumu. Mwandishi anaanza na hoja anayoiamini, kisha anaingiwa na hofu kwamba haitoshi. Anatanguliza historia ndefu, anaongeza mada ya pili, na mwishoni anatupa maswali matano kwa wasomaji. Hoja yake inazama. Mimi nashauri hivi: andika kwa sentensi moja unachotaka msomaji aondoke nacho, kisha pitia kila aya ukiuliza inaisaidiaje sentensi hiyo. Isiyojibu, itoe. Ikiwa ni nzuri mno kutupwa, huenda ndiyo makala yako ijayo.

Orodha ya mada nayo ipunguzwe. Kumi zenye makala mojamoja hazimwelekezi mtu popote.

Vya kubaki ni kichwa, jina la mwandishi, tarehe, maandishi yenyewe na njia ya kufikia makala za zamani. Tarehe naisisitiza kwa sababu wengi huificha ili makala ionekane mpya daima. Msomaji ana haki ya kujua maneno hayo yaliandikwa lini, hasa yanapogusa sheria, afya au teknolojia.

Ongeza pia mlisho wa RSS, teknolojia iliyopo tangu 1999. Wanaoutumia hupokea makala ndani ya programu zao za kusomea, ambako mara nyingi rangi zako, menyu zako na vidirisha vyako havionekani kabisa. Wanaona kichwa na maneno. Isome makala yako humo kabla hujafikiria kubadilisha mwonekano wa blogu.