Shahada ya rasilimali watu ifundishwe kwa faili na kikao cha nidhamu

Wapo wengi wanaoichukulia shahada ya usimamizi wa rasilimali watu kuwa kimbilio la aliyekosa nafasi ya sheria au uhasibu, na la kusikitisha ni kwamba baadhi ya wanafunzi wenyewe huingia darasani wakiamini hivyo. Mimi niliisomea katika chuo kikuu cha umma hapa Tanzania, na kadiri ninavyoendelea na kazi hii ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ni taaluma iliyoshika riziki za watu mkononi, na kwamba tunaifundisha kwa wepesi usiolingana na uzito huo.

Taaluma hii haikuletwa nchini na mtindo wa juzi. Mzumbe, mkoani Morogoro, palianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa ya kuwanoa watendaji wa utawala wa wakati huo, pakawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, kile ambacho wazee wetu bado wanakiita IDM, na mwaka 2001 pakawa chuo kikuu kamili. Katika hatua zote hizo taifa lilihitaji kitu kile kile: watu wanaojua kuendesha ofisi kwa kumbukumbu sahihi na kwa sheria. Hayo mawili, kwa maoni yangu, ndiyo moyo wa fani, na ndiyo ambayo mwanafunzi wa leo huyapitia kwa haraka akiwahi nadharia za motisha.

Tuchukue faili binafsi la mtumishi. Ndani yake mna barua ya ajira ya kwanza, nakala za vyeti, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa daraja na kumbukumbu za likizo, na kila waraka unapaswa kuwa na namba yake ya folio ili ukichomolewa pengo lionekane. Mhitimu mpya huliona jambo hili kuwa kazi ya mtu wa masijala tu, lakini barua moja ikikosekana, mwalimu aliyefundisha tangu ujana hadi miaka 60 atapanda na kushuka ngazi za ofisi akifuatilia mafao yake, akiombwa karatasi ambayo mwajiri ndiye aliyepaswa kuitunza. Mwaka 2017, uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ulipobaini watu zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi, taifa zima lilizungumza juu ya walioghushi. Mimi nilikuwa najiuliza kuhusu mezani kwa afisa utumishi: vyeti hivyo vilipokelewa, vikatobolewa, vikafungwa katika faili, na miaka ikapita bila mtu kuviulizia Baraza la Mitihani. Hilo ni somo la muhula mzima, na sijui kwa nini hatulifundishi kwa uzito huo.

La pili ni sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 37, inataka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu halali na pia awe amefuata utaratibu wa haki, na kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinaeleza utaratibu wenyewe: mfanyakazi aambiwe tuhuma zake kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, aruhusiwe kusindikizwa na mwakilishi wa chama chake au mfanyakazi mwenzake, na kikao kiongozwe na mtu asiyehusika na tukio. Nimewahi kuona barua ya kuachishwa kazi ikiandaliwa Jumatatu na kikao cha nidhamu kikiitishwa Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, huku afisa rasilimali watu, msomi mwenye shahada, akiandika muhtasari wa kikao ambacho uamuzi wake ulikwisha kuchapwa. Sidhani kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa hajawahi hata mara moja, katika miaka yake yote ya chuo, kukaa katika kikao cha mfano na kujifunza namna ya kumwambia bosi kwamba utaratibu huo haukubaliki na kwamba Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, itautupa.

Hukumu za Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu zinapatikana bure mtandaoni, na ndani yake yamejaa makosa halisi ya waajiri wa nchi hii, mengi yakiwa yamefanywa na wenzetu wa fani. Mwanafunzi akisoma hukumu 20 za namna hiyo na kueleza katika kila moja ni wapi afisa alipaswa kusimama imara, atatoka na kitu ambacho vitabu vya nje havina. Asome pia kuandika kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, na mfanyakazi anayetuhumiwa hujitetea kwa Kiswahili, ilhali sisi tulijifunza kuandaa barua ya tuhuma kwa Kiingereza peke yake.

Kuhusu mafunzo kwa vitendo nitasema machache, kwa sababu kila aliyepitia anajua: mwanafunzi hutumwa kutoa kopi, husainiwa kitabu chake, na hurudi chuoni. Chuo cha umma kinaendeshwa kwa kodi, wanafunzi wake wengi wanasoma kwa mkopo watakaoulipa kwa mishahara yao, na kina haki ya kudai zaidi kutoka kwa halmashauri na taasisi zinazowapokea. Ningependa mtihani wa mwisho uwe na faili moja la mfano lenye folio zilizokosekana, cheti cha kutilia shaka na barua ya onyo isiyo na sahihi ya mfanyakazi, na mtahiniwa apewe saa tatu za kuandika, kwa Kiswahili sanifu, atakachomshauri mwajiri na atakachokataa kukitia sahihi.